Imla ya Doto

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana nikisimulia mimi angalau nachagua wapi pa kucheka: yule mwalimu wa intaneti ambaye watoto wa Buswelu wakimwona njiani wanaziba midomo kwa daftari ni mimi, na nikiwa na safari ya upande ule sipiti njia ya shule, nazunguka kwa nyuma kwenye machimbo ya mchanga, viatu vinajaa vumbi mpaka soksi zinabadilika rangi, lakini heri vumbi.

Mimi shule niliiacha kidato cha kwanza. Sikufukuzwa na hakuna aliyekufa, niliona tu lori la pamba linaelekea sehemu ambayo sijawahi kufika, nikapanda. Tangu hapo nimeuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya kivuko pale Busisi, enzi zile magari yanasubiri pantoni, nimechimba dhahabu Geita kwa muda mfupi (mpaka nilipogundua kwamba naogopa giza, na chini kule hakuna kingine), nimekaa Ukerewe nikajifunza kushona nyavu bila kuwa na mtumbwi, halafu nikatua Igoma kwenye kibanda cha kutengeneza simu. Kazi nimebadilisha, miji nimebadilisha, lakini kuuliza sijaacha. Bando likiwa na uhai natafuta chochote, kwa nini sangara ana mafuta kuliko sato, kwa nini paka hutua kwa miguu, na pale Igoma watu wakibishana mpaka wakakunjana mashati wanakuja kibandani kwangu.

"Profesa, tupe hukumu."

Natoa simu, natafuta, natoa hukumu. Nilizoea. Mtu akishaitwa Profesa na wauza mitumba anaanza kuamini.

Mwalimu Neema alikuja kibandani na simu iliyopasuka kioo. Nikabadilisha kioo. Akarudi, eti chaji haikai. Nikaangalia chaji, inakaa vizuri kabisa, nikamwambia aiache nikaichunguze zaidi (na yeye akajua kwamba nimejua). Kwa ufupi, Pasaka ilipofika tulikuwa tumeshaelewana, na kilichobaki ni baba yake, Mzee Malimi, mwenye ng'ombe huko Magu na nyumba hapo Buswelu, mwenyekiti wa kamati ya shule ileile anayofundisha binti yake, mtu ambaye hakuna anayekumbuka kumwona akicheka. Mimi alikuwa hanijui, na kwa desturi hakupaswa kunijua mpaka mshenga afike. Mshenga nilikuwa naye: Mzee Shomari, jirani yangu muuza viti vya plastiki, mwenye ulimi wa asali, angeweza kumuuzia kiti mtu aliyekwisha kukaa. Alipangiwa kwenda kwa Mzee Malimi Jumamosi.

Sasa Jumatatu ya wiki hiyo Neema akanipigia. Shule yao ilikuwa imepewa projekta na kompyuta, mwalimu wa kompyuta akahamishwa kabla hajazitoa kwenye maboksi, na Alhamisi kamati inakuja na wazazi kuona vifaa vinavyofanya kazi. Mwalimu mkuu alikuwa anatafuta mtu wa kuwafundisha darasa la sita namna ya kutafuta vitu mtandaoni.

"Nimekutaja wewe," Neema akasema.

"Mimi? Mbele ya baba yako?"

"Ndiyo maana nimekutaja. Akuone unafanya kazi. Jumamosi Mzee Shomari akitaja jina lako, baba anakumbuka, aa, yule kijana aliyewafundisha watoto. Unakuwa umeshaingia nyumbani kabla hujabisha hodi."

Nikaona ni akili ya hali ya juu. Mtu aliyetoroka darasa anarudi kwa mlango wa mbele, kavaa shati la kupiga pasi, anaitwa mwalimu, na baba mkwe mtarajiwa amekaa nyuma anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nililiona kabisa hilo jambo usiku na mchana.

Alhamisi nikafika mapema. Na hapo ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo. Niliwasha kompyuta ya shule, ikaanza kujiandaa, ikaendelea kujiandaa, nikanywa chai ya ofisini ikiwa bado inajiandaa, nikaona hii itaniangusha, nikachomoa waya wa projekta nikauchomeka kwenye simu yangu. Ukutani papo hapo ikatokea simu yangu, kubwa kama mlango wa ghala.

"Tumia ya shule," Neema akasema.

"Ya shule itatuaibisha."

Akaniangalia kidogo, akaenda kupanga mabenchi ya wageni.

Kuna jambo lingine inabidi mlijue kuhusu mdomo wangu. Mimi ni Msukuma wa Sengerema, na nikiwa kibandani na wenzangu "l" na "r" zangu zinakaa zinapotakiwa, au zisipokaa hakuna anayejali. Lakini nikisimama mbele ya wasomi naingiwa na woga, nakumbuka walimu walivyokuwa wananicheka nikisema "habali", basi najisahihisha mpaka napitiliza, kila "l" naigeuza "r" ili nisikike nimesoma. Kuandika naandika sawasawa. Mkono unajua, mdomo ndio mkaidi. Asubuhi ileile nilikuwa nimeingia ofisini nikamwomba mwalimu mkuu karamu. Akanitazama, akatazama saa, akaniambia kwamba wageni wakiondoka kutakuwa na soda. Nilikuwa nataka kalamu.

Darasa likajaa, watoto wamebanana kwenye madawati, nyuma wazazi na kamati, na katikati yao Mzee Malimi, fimbo katikati ya magoti, kofia haijavuliwa. Nikawapa wakubwa shikamoo, wakaitikia, yeye akaitikia kwa kidevu. Halafu watoto wakasimama kwa pamoja.

"Shikamoo mwalimuuu."

Jamani. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Niliitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuijua, nzito, kama ya mtu mwenye pensheni.

Kwa sababu ile sauti ya pamoja ilinikolea, nikaweka sheria hapohapo, tena bila kuombwa na mtu: kila kitakachotokea ukutani, darasa zima mnasoma kwa sauti, wote kwa pamoja, ili na wazazi kule nyuma wafaidi. Wakaitikia ndiyo mwalimu.

Na niwaambie ukweli, somo lilianza vizuri kuliko somo lolote nililowahi kukaa. Nikawaambia wasiongee na mtandao kama wanaongea na shangazi. Mtoto mmoja alitaka kutafuta habari za daraja jipya, akasema aandike "samahani naomba kujua kuhusu daraja letu".

"Mtandao hauna haja na samahani," nikamwambia. "Chagua maneno yenye uzito tu. Neno gani lina uzito hapo?"

"Daraja."

Nikaandika daraja. Yakatokea, nao wakasoma kwa pamoja: daraja la kwanza matokeo ya mtihani, daraja la mshahara, namna ya kujenga daraja la mbao. Wakacheka.

"Mmeona? Neno moja lina nyumba nyingi. Ongezeni jina la sehemu."

Nikaongeza Busisi, na ukutani likatokea lile daraja lenyewe limelala juu ya maji kutoka Kigongo, refu, watoto wakavuta pumzi, na kule nyuma Mzee Malimi akainama mbele, mikono miwili juu ya fimbo.

"Ndilo lenyewe hilo," akasema kwa mtu aliyekaa karibu naye.

Nilijikaza nisitabasamu. Nikaendelea. Nikawaambia mkitafuta mtu, msiandike "mtu", kuna watu wengi duniani. Andikeni kazi yake, andikeni tabia yake, andikeni na sehemu anapokaa, kadiri mnavyombana ndivyo anavyopatikana. Nikawaonyesha ukurasa uliosema mtoto akila vichwa vya dagaa anafaulu hesabu, nikawauliza nani kaandika, tukashuka chini tukakuta namba ya muuza dagaa, darasa likafa kwa kicheko, mzazi mmoja akasema kumbe ndiyo maana. Nikasema jibu la kwanza msilimeze, angalieni aliyeandika anauza nini na kaandika lini, kisha tafuteni na kwingine. Mwalimu mkuu alikuwa anaandika ninachosema. Neema alikuwa amesimama mlangoni, na nikimtazama anaangalia pembeni kama mtu asiyenijua, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Mtu mwenye busara angeishia hapo akanywa soda yake. Mimi nikaona niwaonyeshe neno "ndege", namna linavyochanganya, kwamba ukitafuta mahali pa kuona ndege hapa Mwanza unaweza kupelekwa uwanja wa ndege au ukapelekwa ziwani kwa korongo na mnandi, na nikataka mtoto mmoja aje aandike mwenyewe.

"Nani anaandika vizuri hapa?"

"Doto," darasa zima.

"Doto anapata zote kwenye imla," mmoja akaongeza. "Hajawahi kukosa hata moja."

Akaja Doto, kasichana kembamba, kamejifunga sweta kiunoni, kakaishika simu yangu kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Nikasimama wima. Nikatazama nyuma kuhakikisha Mzee Malimi anaangalia. Anaangalia. Woga ukaniingia, nikakumbuka nitamke kisomi.

"Andika," nikasema. "Mahari. Pa. Kuona. Ndege."

Nadhani mmoja wenu ameshashika kichwa. Mimi sikusikia kosa lolote. Doto alisikia, na kwa sababu alikuwa mtoto wa imla, yule asiyemsahihisha mwalimu bali anaandika alichotamka herufi kwa herufi, akaandika m, a, h, a, r, i, akanyanyua macho kusubiri neno la pili.

Mnajua kile kisanduku cha kutafutia kilivyo na umbeya. Ukianza neno tu, chenyewe kinakushushia yale uliyowahi kuyatafuta, yamejipanga, kila moja na kasaa kadogo pembeni, kinakuuliza kwa upole, bwana, au ulimaanisha haya ya siku zile? Kwenye simu, mkononi, ni maandishi madogo tu. Ukutani kila herufi ilikuwa kama mkono wangu.

Na sheria ilikuwepo. Darasa la sita likasoma, wote kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuvuta mwisho:

"Mahari baba mkwe hacheki maana yake niniii."

Wakahamia mstari wa pili.

"Mahari namna ya kupunguziwa bila kuonekana bahiliii."

"Basi," nikasema. "Inatosha. Doto, futa."

"Nifute neno gani, mwalimu?"

"Mwalimu," akanyoosha mkono mtoto wa dawati la mbele, uso wote umewaka kwa kuelewa somo, "pale juu umeweka tabia yake. Hacheki."

"Na chini kuna kazi na sehemu," akasema mwingine. "Amembana."

Nikageuka kuutazama ukuta na nikaona mstari wa tatu, na naomba mnielewe, sikuogopa vile hata kule chini Geita. Maana ulikuwa umetafutwa kitaalamu. Maneno yenye uzito tu, hakuna samahani. Wenzao wakawapigia hao wawili makofi yale ya darasani, pa-pa-pa, pa, na kutoka nyuma ikaja sauti ya Mzee Malimi, taratibu:

"Huo wa tatu hatujausikia huku."

Watoto wamefundishwa kutii wakubwa. Wakausoma kwa nguvu zaidi:

"Mahari binti wa mwenyekiti kamati ya shule Buswelu."

Hapo wazazi wote waligeuza vichwa, wakamtazama mwenyekiti, halafu wakamtazama binti wa mwenyekiti pale mlangoni, halafu mimi, kama watu wanaoangalia mpira. Na watoto, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu, wakateremka mstari wa nne kwa sababu ulikuwepo:

"Mahari mwanaume aliyeacha shule binti mwalimu atamdharau baadaye."

Huo waliusoma mpaka mwisho lakini ile sauti ya kuvuta iliwaishia njiani. Watoto wanajua. Doto alikuwa ameacha kuangalia simu, ananiangalia mimi. Sikuthubutu kutazama mlangoni.

Nikaruka kuichukua simu. Na ningeichukua nikaizima na hadithi ingekuwa fupi, ila ilianza kuita, ukutani likatokea jina kwa herufi za kijani, na sheria ilikuwa bado haijafutwa.

"Mshenga Wanguuu."

Nikapangusa kukata. Jasho, jamani, kidole kikateleza upande wa kupokea. Na simu yangu (fundi wa simu mwenye simu mbovu, kama mnavyoona vinyozi wenye vichwa vibaya) ile spika ya sikioni ilikufa zamani, kila anayenipigia anaongea kwa spika kubwa.

"Profesa, habari ya kazi," Mzee Shomari akalijaza darasa. "Sikia, yule mzee wako nimemchunguza. Wanasema ni mgumu kama haya mawe ya Mwanza, ila ana udhaifu mmoja, ugoro. Kuna wa hapa sokoni naona unafaa, nimchukulie?"

Aliyejibu alikuwa Mzee Malimi, bila kuinuka.

"Wa sokoni unawasha. Chukua wa Magu."

"Naam?" akasema Mzee Shomari. "Nani huyo mwenzangu?"

"Ni mimi jiwe."

Simu ikakatika. Mzee Shomari ni mfanyabiashara, anajua lini mteja ameondoka.

Nilifanikiwa kuuchomoa waya. Ukuta ukawa mweupe, na mwalimu mkuu, Mungu ambariki, akauliza kama wageni wana maswali kuhusu vifaa. Mzee Malimi akasimama.

"Mwalimu."

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Ulishanisalimia. Nauliza hivi. Huyo baba mkwe asiyecheka, mtandao ulikujibu maana yake ni nini?"

"Haukujibu, mzee."

"Uliandika vizuri? Maneno yenye uzito?"

"Niliandika vizuri."

"Na ule wa mwisho?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Basi wafundishe hawa na hilo," akasema, akachukua fimbo yake akatoka, na wanakamati wakamfuata mmoja mmoja.

Mwalimu mkuu akasema watoto, tumshukuru mwalimu, wakasimama, asante mwalimu karibu tenaaa, na niapishwe wapi kwamba hata soda niliinywa, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Neema nilimkuta nyuma ya choo cha walimu. Nikatangulia kuomba msamaha, kuhusu baba, kuhusu bahili, kuhusu ugoro. Akanisubiri nimalize.

"Ule wa mwisho ulitafuta lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Baada ya Pasaka," akasema. "Baada ya kuniuliza mimi na mimi nikakujibu."

Akaondoka kwenda darasani. Hayo mengine yote angeyacheka, nilimwona kabisa kwamba angeyacheka, lakini lile hapana, na usiku ule nikapiga simu hakupokea, nikaandika ujumbe nikafuta, nikaandika nikafuta. Nilishika simu nikataka kutafuta namna ya kumwomba radhi mwanamke aliyekasirika. Nikaanza neno la kwanza, kisanduku kikanishushia mambo yangu, nikaigeuza simu kifudifudi.

Jumamosi Mzee Shomari akaenda. Nilimsihi asiende, akasema safari ya mshenga haiahirishwi kwa aibu, ingekuwa hivyo hakuna ambaye angeoa, na alikuwa ameshapata ugoro wa Magu. Nikakaa kibandani nimefungua simu ya mtu vipande vipande bila kukumbuka ilikuwa na tatizo gani. Jioni akarudi, akavuta kiti chake mwenyewe cha plastiki, akakaa.

"Ugoro kaupokea."

"Na neno?"

"Kasema mshenga wa nini tena, darasa la sita zima limeshatumwa. Anakutaka wewe, kesho, mwenyewe." Akauonyesha mfuko wangu kwa kidole. "Bila simu."

"Anataka kunifukuza?"

"Mtu wa kufukuzwa huagizwa asilete simu? Sijui, mwanangu. Uso ule hausomeki."

Nikaenda. Simu nikaiacha kwa Mzee Shomari, na njia nzima mkono unapapasa mfuko kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa. Mzee Malimi alikuwa barazani, kwenye kigoda. Shikamoo, marahaba. Akaninyooshea benchi. Kuku walipita. Akafungua kopo lake, akanusa, akapiga chafya, akakunja kitambaa taratibu, mimi nimekaa magoti pamoja kama mtoto aliyechelewa shule.

"Umeuliza watu usiowajua habari zangu," akasema. "Wengine wako Ulaya, wengine sijui wapi. Mimi hapa. Uliza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nikaanza na lile jepesi, la mahari, nikaanza kuzunguka, mzee unajua hali ya maisha, akanikata.

"Hilo ni la Shomari. Uliza lako."

Basi nikauliza. Najua nililiuliza vibaya, "l" na "r" zilikuwa zinapishana kama abiria wa stendi, na sikumtazama, nilitazama kuku.

"Mzee, mimi shule niliiacha. Kidato cha kwanza, niriondoka mwenyewe. Neema ni mwalimu. Naogopa kwamba siku moja ataamka aniangarie aone amekosea, na kama ni hivyo naomba nijue sasa."

Hakucheka, wala hakukunja uso. Alikaa na lile swali kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi.

"Hilo silijui," akasema mwishoni. "Anayelijua yuko hapo nyuma ya pazia, na ameacha kusonga ugali ili asikie vizuri."

Kweli mwiko ulikuwa umenyamaza. Pazia halikufunguka.

"Nilishamjibu," sauti ya Neema ikasema. "Kwa mdomo wangu, wala sikuzunguka. Akaenda kuuliza simu kama nimesema kweli."

"Ulimjibu nini?" baba yake akauliza.

"Anajua."

"Mimi sijui."

Akajibu kwa sauti ya mtu anayerudia somo kwa mwanafunzi mzito:

"Nilimwambia nimekaa na wenye vyeti chumba kizima cha walimu, na hakuna hata mmoja anayejali kwa nini paka hutua kwa miguu. Nilimwambia namtaka hivyohivyo. Na bado namtaka, ila akiniuliza mara ya tatu namrudishia kioo chake."

Mwiko ukaanza tena kusonga, kwa hasira kidogo, ukigonga sufuria pande zote.

Mzee Malimi akanigeukia. "Umesikia, au tumwite na mwingine?"

Nikasema nimesikia. Nikasema asante, nikasema tena asante, na nadhani niligusa macho, vumbi la Buswelu mnalijua. Nikakaribishwa ugali na sato, na nikala mbele ya mkwe bila aibu, jambo ambalo kwa desturi nalo si zuri, lakini aibu yangu yote ilikuwa imeshaisha siku ya Alhamisi.

Tangu siku ile nimeapa, na kiapo nakitunza, kwamba habari ya mtu aliye hai na mwenye mlango sitaitafuta mtandaoni kabla sijabisha hodi kwake. Watu hujibu, kumbe. Wakati naaga, mzee alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia kama jambo dogo tu kwamba nimwambie Shomari kuna ng'ombe mmoja ameongezeka kwenye hesabu. Nikamuuliza, kwa mdomo wangu mwenyewe, huyo wa nyongeza ni wa nini. Akasimama, akaegemea fimbo, akanieleza. Jibu nililipata papo hapo, lilikuwa refu, lilianza na neno "bahili", na jua lilizama tukiwa bado tumesimama pale.